Nembo Inayokonyeza

Nembo ya stesheni ya televisheni ilikuwa imekonyeza tena kwenye kona ya skrini, na kwa mara nyingine mkurugenzi hakuiona. Aliambiwa kwa simu, akiwa katikati ya korido.

"Imezimika ikawaka, hivi hivi mbele ya macho yangu!" Baba mkwe wake alifoka. Mzee huyo ndiye mwenye stesheni, na shughuli yake nyumbani ni kuitazama kutwa. "Ikikonyeza tena kesho, hicho kiti nampa mtu mwingine. Na binti yangu asije kunililia hapa."

Mkurugenzi alirudisha simu mfukoni. Kuna mtu anamchimba, hilo halikuwa na ubishi. Tena ni mtu wa humu humu ndani.

Wafanyakazi walimwita Paka, naye alijua, na moyoni alilipenda jina hilo. Alivaa viatu vya raba makusudi, atembee bila kishindo. Aliamuru kila chumba kiwe na televisheni inayoonyesha stesheni yao, watu waone kazi yao wenyewe. Zamani aliwafuma wakisinzia, wakisukana nywele, wakipiga soga. Siku hizi, wapi! Kila alikoingia alikuta vichwa vimeinamia kazi. Amewanyoosha, alijisifu.

Chumba cha mitambo nacho kilikuwa vile vile. Fundi alikuwa ameinamia kompyuta. Mhariri, kando yake, anaandika kwa kasi, chai yake inafuka mvuke.

"Nieleze tena hiyo programu yako," Paka alisema. "Taratibu."

"Inarusha vipindi yenyewe, bosi. Saa ikifika inaleta taarifa, inaleta katuni. Ila huku nyuma ina matundu ya kuchomeka waya. Mtangazaji akibonyeza kitufe studio, waya unaleta ishara, programu inafanya ilichoagizwa. Ibadili kamera, ifute nembo, vyovyote."

"Ishara inaletwa na kitufe tu?"

Fundi alikuna kidevu. "Chochote kinachofunga na kufungua, bosi."

"Sasa nani kaiagiza ifute nembo yangu?"

"Labda umeme unachezacheza."

Umeme! Paka alimkazia macho. Mbona jasho linamtoka, na chumba kina baridi ya kuganda? Na huyu mhariri, mbona anajiuma midomo?

"Ng'oa waya zote za studio. Nembo ikikonyeza tena, wewe tafuta kazi kwingine."

Fundi alizing'oa zote bila kubisha hata neno. Utiifu huo ulimtia Paka wasiwasi zaidi. Mtu msafi angelalamika.

Kesho yake aliapa habanduki. Alijifungia ofisini asubuhi na mapema, akaigeuza meza, akaikodolea macho ile televisheni ambayo siku zote aliipa mgongo akitoka. Taarifa ikapita. Katuni zikapita. Hakuna aliyemgongea, nani ajipeleke mwenyewe kwa Paka? Nembo ilitulia kwenye kona yake, na simu ya mzee haikuita.

Mchana ulipoingia, Paka alikuwa anatabasamu peke yake. Ahaa! Basi ni waya za studio, na aliyezichezea ni fundi, nani mwingine? Mtu anakula mshahara wako huku anakuchimbia kaburi! Hasira zikampanda. Atamfukuza leo hii, mbele ya wenzake wote, wapate somo.

Alisimama, akaacha simu mezani, akarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Macho hakuyabandua kwenye skrini, asije akapitwa dakika ya mwisho. Akapapasa kitasa kwa nyuma, akafungua mlango.

Nembo ikazimika, ikawaka.

Paka aliganda. Akaufunga mlango polepole. Akaufungua tena.

Nembo ikakonyeza.

Korido nzima, chumba baada ya chumba, viti vikaburutwa, vicheko vikakatika, na kibodi zikaanza kulia. Mezani, simu ikaita.