Bi Kanga Aulizia Mbwa

Sogeeni niwape ya Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa. Mayai yake yalikuwa yanaibwa, mwizi hamjui, akaamua kuweka mbwa. Mlango wa banda lake mfupi, mbwa mkubwa hapiti. Wakapatikana wadogo wawili: mmoja mbegu ya manyoya marefu, mpole kama mto wa kulalia, mwingine mbegu ya miguu mifupi, mdomo hauna likizo.

Vifaranga wakalilia manyoya. Mumewe naye, "Mama Watoto, chukua huyo huyo, tupumzike."

Bi Kanga akasema ngoja kwanza aulizie kwa majirani, kama watu wanavyoulizia mchumba. Akaanza kwa Kicheche.

"Wa manyoya? Mtoto wa watu yule," Kicheche akasema. "Unapita mbele yake na mzigo, hata hakuulizi umetoa wapi. Huyo mfupi hana adabu. Alinifukuza mpaka mtoni, na mdomo wangu umejaa."

Akaenda kwa Kenge. Kenge akamsifia wa manyoya mpaka machozi yakamtoka. "Mfupi usimguse, shoga. Tazama mkia wangu."

Bi Kanga akautazama. Nusu haipo.

Akashukuru, akarudi nyumbani na wa miguu mifupi.

Jioni Kicheche akaja kupongeza, akapiga hodi, akakaribishwa kwa meno. Akakimbilia juu ya mti, akaongea kutoka huko.

"Shoga, yote niliyokwambia hukuyasikia?"

"Niliyasikia neno kwa neno," Bi Kanga akasema. "Ndiyo maana nimemchukua huyu."