Sahani ya Mzee Bwanakheri

Sheria ilikuwa moja kwa kila mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume kwa sindano ya jeni na mionzi: asile sinia moja na wenzake mpaka kikuku chake kigeuke kijani. Mwaka mzima Mzee Bwanakheri alikula barazani peke yake, akiwafokea wajukuu waliomsogelea: "Tokeni! Mtadhurika!"

Leo kikuku kiligeuka kijani. Mkewe, Bi Mwanasiti, alitandika mkeka ukumbini. "Karibu, baba Athumani. Umepona."

Akanawa, akaketi kati ya wajukuu, akatia mkono kwenye pilau.

Wajukuu wakatoa mikono yao siniani, wakasogea hadi ukutani, kama alivyowafundisha mwenyewe.

"Kula tu, babu," alisema mdogo wao kwa upole. "Sisi tutasubiri."