Cheti cha Mzee Likwata

Bi Tunu, mkutubi wa mji, alipoingia msibani, kitu cha kwanza kukiona ukutani kilikuwa saini yake mwenyewe. Ilikuwa kwenye cheti cha marehemu cha kisomo cha watu wazima, kimetiwa fremu.

Aliikumbuka siku ile ya mtihani wa kusoma, maktabani alikokuwa akiwafundisha. Mzee Likwata alisoma ukurasa mzima bila kukwama, macho yakiwa dirishani. Alikuwa ameukariri. Bi Tunu aliliona hilo, lakini darasa zima lilikuwa linapiga vigelegele na mzee analia kwa furaha, basi akatia saini.

"Tangu apate cheti alikataa kusomewa," mjane alisema. "Juzi kifua kilipombana, akasema, 'Mimi nimesoma kwa Bi Tunu.' Akaenda mwenyewe stoo ya shamba, akarudi na chupa, akanywa."

Akaitoa chupa chini ya kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Watoto wananificha. Nisomee wewe, mwalimu. Hapa pameandikwa nini?"

Herufi zilikuwa kubwa, nyekundu. Wanawake wote mkekani wakawa wanautazama mdomo wa Bi Tunu.