Orodha ya Walio Hatarini

Mvua ilipogoma mwaka wa tatu, Fisi alifika nyikani na kalamu, akajitangaza mtaalamu wa tabianchi.

"Naandika walio hatarini," alisema. "Aliye dhaifu zaidi atafikiwa kwanza. Very scientific."

Swala, mwenye mbio kuliko wote, alianza kuchechemea palepale.

"We dada, mguu umeanza kukuuma lini?" Nungunungu alimuuliza.

"Shut up, bwana. Mzima haandikwi."

Jina lake likawa la kwanza. Lakini Fisi alirudi kila wiki kuhakiki, kwa hiyo Swala alichechemea miezi minne mfululizo, hata akiwa peke yake, maana majirani wana midomo. Nyasi ziliisha, msaada haukuonekana, na ule mguu usiokanyaga chini ukasinyaa, ukawa kama ukuni.

Siku moja Fisi alikuja na ndugu zake sita, wote wana njaa. Wanyama wakatimua mbio. Swala naye aliruka, akaanguka.

"Nilikuwa nadanganya tu, mheshimiwa!" alilia. "Mimi mzima!"

Fisi aliutazama ule mguu.

"Mwanzoni ndiyo, my dear," alisema, akaanza kazi kwa kufuata orodha.