Hodi ya Tatu

Tangu sheria ilipotaka nyumba ya kila mlinzi wa data iwe tabaka la kwanza la ulinzi wa kampuni, hakuna aliyeingia kwa Raifa kabla mlango haujamkagua jicho, kidole na sauti. Wezi wa mitandaoni, kampuni ilisema, huanzia kwa jamaa.

Leo mama yake, Bi Kibibi, alikuja na sufuria ya wali wa nazi kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi.

"Hodi!"

"Weka jicho kwenye kioo," mlango ukajibu.

"Nimebisha kwa mwanangu, si kwako. Hodi!"

Raifa alisimama ndani, mtoto kifuani. Kumwitikia mgeni asiyekaguliwa ni kufukuzwa kazi, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni. Akaomba kimoyomoyo mama akubali tu.

"Hodi!"

Hiyo ilikuwa ya tatu, na Bi Kibibi hakulelewa kubisha ya nne. Asiyeitikiwa mara tatu huenda zake. Raifa akasikia kandambili zikigeuka.

Akang'oa waya wa mlango, akausukuma kwa bega.

"Karibu, mama! Karibu ndani!" Alipaza sauti makusudi, kampuni isikie vizuri.

Bi Kibibi akaingia, akampokea mjukuu.

"Tabaka la kwanza limevunjwa," dari ikasema. "Adui ametambuliwa: Raifa."

Madirisha yakaanza kujifunga, moja baada ya jingine. Raifa akachukua mbuzi ya kukunia nazi, akaikita kizingitini ili mlango usijifunge.

"Pakua, mama," akasema. "Leo tunakula mlango wazi."