Tandiko Lisilovuliwa

Farasi na Mama Punda walikaa banda moja, ila Farasi hakumwamini jirani yake hata kidogo. Alipopata tandiko jipya la ngozi, alikataa kulivua, iwe jua, iwe jasho, iwe wakati wa kulala, kwa kuhofia kwamba Punda angeliiba alivae yeye.

Haukupita muda mrefu, mgongo ukaanza kumwasha. Akajikuna ukutani, muwasho ukazidi.

"Umenitilia upupu!" akamfokea Punda. "Toka humu bandani, wewe na mwanao!"

Punda akatazama nje, kwenye kichaka ambamo Fisi huvizia wasio na banda. "Jirani, mimi nashinda na mizigo. Huo upupu nimeuchuma saa ngapi?"

"Kila mchawi husema hivyo."

Kesi ikafika kwa Mbuzi, mwamuzi wa boma. "Tulivue tandiko, tuutafute huo upupu," akasema.

"Nilivue, na huyu amesimama hapa?"

"Usipolivua, hakuna kesi."

Mbuzi akafungua mshipi kwa meno, Farasi hambandui Punda macho. Upupu haukuonekana. Mgongoni palikuwa na kidonda chenye umbo la tandiko lenyewe, na tumboni ngozi ilichubuka pale pale ulipokaza mshipi.

"Upupu gani huu unaochora mshipi?" akauliza Mbuzi.

Punda akaangua kicheko. "Mimi nikituliwa mizigo hugaagaa mavumbini kwa raha. Hilo lako nilivae la nini?"

Punda na mwanawe wakabaki bandani. Kidonda cha Farasi kilipopona, nywele ziliota nyeupe, akabaki na alama maisha yake yote kwa kulinda kitu ambacho hakuna aliyekitaka.