Aliyemwandika Tania

Tania alikuwa ananing'inia chini ya boti la majambazi, kisu mdomoni, wakati maharagwe ya Mwalimu Constance yalipoanza kuungua.

Mwalimu aliisikia harufu vizuri. Akafungua ukurasa mwingine.

Kaye hiyo, daftari la mwanafunzi, alikuwa ameiokota asubuhi chini ya dawati la nyuma, katika darasa la tano la sekondari, hapo Baraka, mji wa kando ya ziwa. Ilikuwa imejaa hadithi ya kuandikwa kwa mkono: Tania, msichana wa miaka kumi na tano, anapambana na watu wanaoiba injini za maboti ziwani. Wanafunzi walikuwa wakiipokezana kwa siri, na Bwana Prefe Anatole, mkuu wa shule, alikwisha kutangaza kwamba upuuzi huo ndio unaoshusha alama za mitihani.

Upuuzi ulikuwemo, tena wa kutosha. Jambazi aliyeuawa ukurasa wa kumi na mbili alikuwa anakunywa chai ukurasa wa ishirini. Pikipiki ilitoka Lweba mpaka Baraka bila kukutana na shimo hata moja. Na shule ya Tania! Mitihani ilifanywa kwa kuimba, walimu walivua viatu mlangoni, na mwanafunzi aliyejibu vizuri aliruka madarasa mawili siku ileile. Constance alichukua biki nyekundu akaandika pembeni: "Hakuna shule ya namna hii duniani."

Lakini ziwa lilikuwa ziwa kweli. Upepo ulipovuma ndani ya kaye, yeye mwenyewe alishika meza. Na kila Tania alipokaribia kuwamaliza maadui, kengele ililia, akawaacha hapo hapo akakimbia asichelewe darasani. "Uongo mtupu," Constance alisema peke yake, huku anacheka. Miaka kumi na tisa ya kufundisha, na hajaona bado mwanafunzi wa kuacha ugomvi kwa sababu ya hisabati.

Kaye iliisha Tania akiwa bado chini ya boti.

Alipaswa kuipeleka kwa Prefe. Kesho yake aliirudisha chini ya dawati lilelile, kama mtu aliyesahau. Siku nne baadaye akakuta mahali pale kaye ya pili. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kubwa, kila moja imesimama mbali na mwenzake, mtu alikuwa amemjibu: "Yule hakufa sawasawa. Na masomo, hiyo shule ya kweli, niambie basi, iko namna gani?"

Constance aliona ni utani wa mtoto mtundu. Hata hivyo alieleza shule ilivyo, kurasa mbili nzima za wino mwekundu, akairudisha kaye mahali pake.

Kaye ya tatu aliipenda zaidi. Ya nne aliisoma amesimama, kikapu cha soko bado begani, kisha nayo akairudisha. Akawapa wanafunzi wote dikte, imla ya kuandika, ili alinganishe miandiko. Hakutaka kumchongea mtu. Alitaka tu kumwomba mwandishi aharakishe. Hakuna mwandiko uliofanana.

Kisha Prefe mwenyewe akainasa hiyo ya nne mkononi mwa Yasmina, msichana mpole wa dawati la nyuma. Yasmina alikataa kutaja jina la mwandishi. Prefe akamtuma alete mzazi.

Aliyekuja ni koko yake, yaani bibi yake, Mwanahamisi, mama mzee aliyemlea, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, karibu na bandari. Aliketi ukingoni mwa kiti cha ofisi. Aliangalia ramani ukutani, akaangalia vitabu kwenye kabati, akaangalia kengele dirishani, kimoja kimoja, kama anayekagua.

Prefe aliongea polepole na kwa sauti ya juu. "Mama, hii inaitwa kaye. Batoto banaandikamo masomo. Sasa kuko mumoja anaandikamo mambo ya bisu na bajambazi. Inawaharibu."

"Iko mubaya sana?" mama mzee akauliza.

"Mwalimu Constance atakuambia. Yeye ni wa lugha."

Constance alitazama kaye mezani. Kila ukurasa ulikuwa na wino wake mwekundu, na Prefe alikuwa amesema asubuhi kwamba huyo wa biki nyekundu naye akijulikana, ataona. Yasmina alikuwa ameinamisha kichwa. Mwandiko wa mwalimu wake aliujua tangu mwaka wa kwanza, na hakuwa amesema neno.

"Makosa ni mengi," Constance alisema. "Watu wanakufa na kurudi. Safari hazina urefu. Shule iliyomo ndani haijulikani ni ya wapi." Akagusa wino wa pembeni. "Na hii nyekundu ni mukono yangu, Bwana Prefe. Nilisoma zote ine. Sasa nangojea ya tano, hata usingizi sipati muzuri."

Prefe alimtazama kama aliyetukanwa. Kisha akapiga meza.

"Ya kwako tutaongea kisha. Lakini mwenye kuandika hii, leo hii namufukuza masomo! Hatakanyaga tena hapa! Yasmina, taja jina, ao ni we unatoka."

Yasmina akaanza kulia, midomo imefungwa.

Mama mzee alifungua fundo la kikwembe alichojifunga, akatoa kaye ya tano, iliyonuka ndagala, akaiweka taratibu mbele ya Constance.

"Mutoto alinionyesha herufi tu," alisema. "Ingine yote ni yangu." Kisha akamgeukia Prefe. "Nifukuze, baba. Lakini ungoje kidogo nimalize kuangalia. Mi ku masomo, naingia leo mara ya kwanza."